Tonge la Muhogo

Asubuhi hiyo nilitoka Port Victoria bila mpango, kama kawaida yangu, mfuko begani. Dada yangu akanifuata hadi barabarani.

"Siku ya nne leo," alisema. "Hata maji hayashuki."

Alikuwa amerudi kutoka ng'ambo akiwa mwembamba, na miaka ile ya tisini mtu akikonda, watu hawakumuuliza. Walinong'ona tu kwamba ni ukimwi. Ukweli aliniambia mimi peke yangu: huko alinenepa hadi magoti yakamshinda, madaktari wakalibana tumbo lake kwa pini za chuma, kikabaki kijifuko kisichozidi yai.

Nilijua kilichomkaba. Siku nne kabla, ni mimi niliyemkalisha mbele ya majirani na ugali wa muhogo na mtama, nikamhimiza ale ili wanyamaze. Alimeza matonge matatu huku akitabasamu.

Tukashika gari la Kisumu. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Kila aliposinzia, nilimgusa.

Daktari tuliyeelekezwa kwake alimtundikia dripu kwanza, kisha akatoa bomba jeusi, jembamba, lenye taa nchani.

"Linapita wapi?" nikauliza.

"Kinywani."

"Bila kisu?"

"Nikishindwa ndiyo kisu, na sidhani atakihimili. Wewe ni daktari mwenzangu?"

"Niliacha shule darasa la sita."

"Basi shika miguu."

Nilishika. Ilikuwa baridi. Baada ya muda akaniita niweke jicho kwenye bomba. Niliona ukuta mwekundu unaometa, na katikati, limeziba kitundu cha kutokea kwenye kijifuko, donge la kahawia. Tonge langu.

Alilimegua kidogo kidogo, likashuka. Lakini kitundu chenyewe kilikuwa kimejikunja kwa kovu, hata penseli isingepita. Akapitisha puto dogo lililonywea, akaanza kulijaza ili likitanue.

"Likipasuka?"

"Puto au tumbo?"

"Tumbo."

Aliendelea kujaza, macho kwenye saa ya ukutani. Dada alikunja vidole vya miguu mikononi mwangu, nami nikaacha kuuliza.

Daktari alipomaliza alisema tusiende mbali hadi kesho. Dada akishikwa na homa au maumivu ya kifua, nimrudishe mbio.

Tulipata chumba mtaani Kondele, jua likiwa bado juu. Mama mwenye nyumba alimtazama dada mara moja tu, akaja na sahani ya ugali unaofuka.

"Amekonda sana huyu, Baba. Mwambie ale."

Majirani wawili walikuwa mlangoni, wakisubiri kuona.

"Mama," nikasema, "huyu alipunguzwa tumbo na madaktari. Ugali unaweza kumuua. Naomba maji vuguvugu na kijiko."

Alinitazama, akaondoka na sahani yake. Maji yakaja. Nikampa dada kijiko kimoja. Akameza, akafumba macho. Nilisukuma mfuko wangu chini ya kitanda, nikakaa sakafuni kusikiliza kama maji yatarudi.