Kambale Niliyemwita Tasa

Mama alikuwa afike Alhamisi asubuhi kutoka Momba kuchukua jibu moja tu kwangu: mke wangu anabaki, au anarudishwa kwao. Miaka saba ya ndoa bila mtoto ilikuwa imewachosha ndugu zangu. Mimi jibu sikuwa nalo. Mke wangu nilimpenda, mama nilimwogopa, na kila nilipojaribu kupanga mawazo yalivurugika upya. Basi Jumatano nzima nikajificha kwenye kambale.

Nafuga kambale nyumbani, kijiji cha Ruanda jirani na Tunduma, kwenye mabwawa mawili ya kuchimba. Jike wa kufugwa akikaa tu bwawani hatagi. Lazima umchome sindano ya homoni, usubiri mayai yakomae, kisha umkamue tumbo mpaka yamwagike kwenye beseni. Mbegu za dume hazikamuliki. Dume unamuua, unampasua, unazichukua. Haya nilifundishwa wiki moja huko Morogoro, nikarudi na karatasi ya maelekezo na kiburi kidogo.

Jumatano hiyo saa kumi na mbili asubuhi nilimchoma jike wangu mkubwa, kwa homoni niliyoagiza ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Mke wangu ndiye aliyemshika kichwa kwa taulo. Yeye mwenyewe siku hizo alikuwa anameza vidonge vya homoni. Vipimo vyake vilionyesha kuna homoni iko chini, na daktari wa Tunduma alituambia tuvumilie, dawa hiyo haikimbizwi. Kisha akanigeukia mimi, akanipa kikopo cha plastiki nilete mbegu zangu, na mimi nipimwe. Nilikitia mfukoni, nikakifikisha nyumbani, nikakificha juu ya kabati nyuma ya begi. Mke wangu alikiona. Hakumwambia mtu.

"Mwenzangu, hivi huwa anaumia?" aliniuliza sindano ilipoingia. Aliniita mwenzangu kwa sababu hatukuwa na mtoto wa kuniita baba yake. Sikujua kama anauliza habari za samaki. Nikamjibu kwa ukali ashike vizuri.

Karatasi ilisema baada ya sindano nisubiri saa kumi na mbili. Zilipotimia jioni nilimuua dume, nikampasua, nikaweka mbegu kwenye kikombe, nikamkamua jike. Hakuna kitu. Nikabonyeza tena, likatoka tone la damu, basi. Homoni feki? Nimekosea kipimo? Nimekosea samaki? Nikamtazama yule kambale kwa hasira ambayo leo naionea aibu, nikasema kwa sauti, "Huyu tasa."

Mke wangu alikuwa nyuma yangu na beseni mikononi. Aliliweka chini taratibu, akaenda kupika. Jike nikamrudisha kwenye pipa la maji. Dume tulimla na ugali.

Alhamisi mama aliingia saa tatu asubuhi, kajifunga vitenge viwili kwa baridi ya Julai, mkononi mfuko wa chumvi ya Ivuna, usoni kikao kizima. Mgeni lazima ale. Nikamwambia mke wangu akamchukue yule jike kwenye pipa, hana kazi tena. Mama akamfuata kumsaidia, maana mama hawezi kukaa mikono mitupu hata kwenye nyumba aliyokuja kuivunja.

Mara nikasikia mama anaita, "Wewe! Njoo uone!"

Mke wangu alikuwa amemwinua samaki, na mayai yalikuwa yanamwagika yenyewe, bila kukamuliwa, madogo kama ulezi, yakishuka kwenye mikono yake na kwenye kitenge mpaka chini. Alikuwa hajui amrudishe au amkumbatie.

"Si ulisema tasa?" aliniuliza. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Nilikimbilia karatasi. Chini kabisa palikuwa na mstari ambao sikuusoma: maji yakiwa baridi, subiri zaidi. Morogoro kuna joto. Kwetu Julai maji yanauma mkono. Nilimhukumu samaki wangu kwa saa za mahali pengine.

"Dume yuko wapi sasa?" mama aliuliza.

"Tulimpasua jana kuchukua mbegu, tukamla."

Mama akacheka, kisha akamwona mke wangu anavyolia. Akajifuta mikono. "Haya mwanangu, jibu langu?"

Sikujua nitasema nini mpaka nilipojisikia nasema. "Mama, mwenzangu kapimwa, na dawa anameza. Mimi ndiye sijapimwa. Nilipewa kikopo, nikakificha."

Mke wangu hakuinua uso. Mama alinitazama, akatazama beseni, akatazama yale mayai yanayopotea kwenye udongo, na kwa mara ya kwanza maishani nikamwona mama naye kachanganyikiwa.

"Dume wa samaki mnampasua tumbo zima," alisema hatimaye. "Wewe umeshindwa kikopo?"

Akaniambia nivae viatu, twende Tunduma.