Wifi, Geuka

Msusi alikuwa na mikono myepesi ya kusuka nywele za watu, lakini mwili wake mwenyewe hakujua kuuvika. Aliyemvika ni wifi yake, mke wa kaka yake, mwanamke mrefu mwenye miguu ya namba arobaini na mbili. Kila Jumamosi walikwenda mitumbani pamoja, na sheria yao ilikuwa moja: hakuna kujichagulia. Kila mtu amtafutie mwenzake. Mmoja akiopoa blauzi husema, "Wifi, geuka," na mwenzake hugeuka hapohapo apimwe mabega mgongoni. Geuka hiyo haikuwa na mjadala. Siku moja Msusi aligeuka na kikombe cha chai mkononi, akamlowesha muuza viatu, wakacheka mpaka mbavu zikawauma.

Jioni walimwaga mizigo kitandani, wakajaribu, wakasifiana, mengine kweli na mengine uongo mtupu.

Kisha kaka mtu akamwacha mkewe. Alitoa sababu chungu nzima, zote hazina kichwa wala miguu. Msusi akamfuata wifi yake kwenye chumba alichopanga, akamkuta amekaa juu ya sanduku, mwanawe kando yake.

"Wifi, aliyekuacha ni yule. Mimi sijakuacha."

"Usiniahidi. Yule ni ndugu yako."

"Jumamosi yetu ni ileile."

Na kweli ilibaki ileile, kwa muda.

Kaka akaoa tena. Mke mpya alikuwa binti mpole, hana mtu mjini, na kaka akambembeleza dada yake amtoe akanunue nguo. Msusi alijua anacheza na moto. Akachagua Jumatano, siku ambayo wifi yake huwa kazini kwa dobi, akajiona mjanja.

Kwenye rundo la magauni mkono wake ulifanya kazi uliyoizoea. Ukavuta gauni la kijani, ukalikung'uta, na mdomo ukafuata wenyewe.

"Wifi, geuka."

Mke mpya hakuelewa, akabaki kumkodolea macho. Aliyegeuka ni mwingine. Upande wa pili wa makoti yaliyotundikwa, mwanamke mrefu aliyeomba ruhusa kazini amtafutie mwanawe sweta la shule aligeuka mara moja, akanyoosha mabega, akasubiri kupimwa.

Akasubiri. Msusi aliutazama mgongo ule anaoujua kuliko wake, gauni likimwelemea mikononi. Hatimaye wifi akageuza uso taratibu. Akamwona mke mpya, akaliona na gauni.

"Zuri," akasema. "Litamkaa."

Akalirudisha sweta mahali pake, akaondoka. Msusi alimkimbilia mpaka njia panda, akimwita wifi, wifi, mbele za watu, bila aibu. Safari hii hakugeuka.

Msusi alikwenda kwake mara mbili. Mara zote mtoto alichungulia mlangoni akasema mama amelala, na nyuma yake maji ya kufulia yalisikika yakimwagwa. Msusi alirudi nyumbani akilia njia nzima, wala hakujificha.

Jumamosi alikwenda peke yake. Muuza viatu akainama chini ya meza, akatoa viatu vyeusi vya kike, ngozi safi, namba arobaini na mbili.

"Nimevificha vya wifi yako hivi. Mbona haonekani?"

"Ana mafua," Msusi akadanganya, akavichukua.

Jioni mke mpya alikuja kusalimia, akavikuta kitandani. Akaingiza miguu yake midogo, ikapotelea ndani. Akacheka, amefurahi kuletewa kitu.

"Wifi, mbona umeninunulia vikubwa hivi?"

Msusi alitafuta neno la upole. Hakulipata.

"Si vyako," akasema, na machozi yakamtoka. "Ni vya wifi yangu."

Mke mpya akavivua kimoja kimoja, akavipanga vizuri chini ya kitanda, akasimama pale peku, asijue akae au aondoke.