Kirezi cha Nyirakamana

Kila asubuhi, kabla ya kuwapimia watu maziwa, Nyirakamana alichovya kidole katika siagi ya ng'ombe akakipaka kirezi chake. Kilikuwa kipande cheupe cha gamba la konokono wa baharini, cha mviringo, kilichotoka kwa bibi kwenda kwa mama hadi kufika shingoni mwake, na kushuka naye kutoka milimani hadi mji wa Baraka, kando ya ziwa. Jumamosi angekivua amvalishe binti yake Godelieve mbele ya wakwe, kwani kwao bibi harusi haondoki shingo tupu.

Taabu aliileta Florentine, shangazi wa bwana harusi, muuza vitenge aliyezoea kuvuka ziwa hadi Kigoma. Siku ya kupanga harusi alikishika, akakigeuza, akasema kwamba zamani wachuuzi walileta vingine vya kiwandani, vya udongo wa sahani, na mabibi wengi walitoa ng'ombe wazima kubadilishana na vitu hivyo. Hakusema kwa ubaya. Lakini neno lile lilimkaa Nyirakamana kama mfupa kooni. Amvishe mwanawe uongo mbele ya ukoo mzima? Kulipokucha alimfuata Florentine mwenyewe, wakaongozana na Godelieve hadi kwa Casimir, mzee aliyetengeneza saa na hereni sokoni.

Casimir alisema siku hizi Zaire nzima inatafuta uhalisi, hata majina yetu ya ubatizo serikali imeyafukuza, basi na kirezi kipimwe. Akawaeleza kwamba gamba la kweli likiguswa na ndimu hutoa povu, lakini cha sahani hunyamaza.

Akadondosha ndimu. Tone likateleza, likaanguka mezani. Akarudia, likateleza tena.

"Mukwe wangu," Florentine akasema kwa upole, "hata bamama zangu balidanganywa. Haiko kitu ya haya."

Nyirakamana akanyoosha mkono kukichukua kirezi chake. Casimir alikuwa akinusa vidole vyake.

"Mama, hii kitu munapakaa nini?"

"Siagi, kila siku. Na mama yangu alipakaa, na mama yake."

"Basi mi napima siagi ya babibi zenu."

Akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. Akakisugua kirezi kwa majivu na sabuni, akakisuuza, akakisugua tena, mpaka weupe ambao Nyirakamana hakuwahi kuuona ukajitokeza. Safari hii tone lilitulia, kisha likaanza kuchemka, vipovu vikinong'ona taratibu hata wanawake wakainama kusikiliza. Florentine ndiye aliyetangulia kupiga vigelegele. Wauza dagaa wakageuka, wakidhani kuna mtu amejifungua, naye akawaambia wote kwamba mukwe wake anavaa kitu cha kweli, waje waone.

Walipokuwa njiani, Godelieve akamuuliza mama yake:

"Mama, kama ilikuwa ya sahani, ungenivalisha?"

"Hapana," Nyirakamana akasema. "Ningekupatia ng'ombe."