Kadi ya Albert

Ilikuwa saa kumi na dakika kumi na mbili jioni, Jumapili, nilipoinua mkono katika ukumbi mdogo wa sinema hapa Brussels, na kama ningekuwa na akili ningejikuna kichwa tu kisha nikaushusha. Aibu ya siku ile sijaisimulia yote hata kwa mke wangu, kwa hiyo mnivumilie niieleze kwa mpangilio, ingawa mpangilio ndio ulioniponza.

Mimi ni fundi wa lifti. Shule niliishia darasa la saba, Morogoro, mengine nimejifundisha mwenyewe. Kijerumani nilikipata kwenye filamu za mwigizaji mmoja, Bi Gudrun, nikirudisha mkanda nyuma sentensi kwa sentensi, na kwa miaka kumi na tisa nikawa naandika kadi za kumbukumbu zake: kila filamu, kila tamthilia, mwaka, mji, nafasi aliyocheza na wenzake aliocheza nao (wino wa bluu kwa filamu, kijani kwa jukwaa, mweusi kwa waliofariki). Zilifika mia nne na kumi na moja, ndani ya sanduku la viatu. Mwaka 2011, iliposemekana anakuja kuonyesha filamu yake ya zamani na kuzungumza na watazamaji, niliamua kubeba lile sanduku. Kosa lilianzia hapo.

Rafiki yangu Ilunga, mtu wa Lubumbashi, jirani yangu kule Evere, aliliona tukiwa ndani ya basi.

"Papa Saidi, hizi viatu ni za nani?"

"Si viatu. Ni kadi zake."

"Bon. Donc mwanamuke wa watu unamubebea dossier kama polisi."

Mwenyeji wa shughuli alitangaza kwamba Bi Gudrun, sasa ana miaka sabini na minane, atarudi jukwaani mwezi wa Aprili, hapa hapa Brussels, baada ya kupumzika muda mrefu (tiketi mbili nilikuwa nimeshanunua, yangu na ya Ilunga), na mwongozaji wa tamthilia hiyo alikuwa amekaa safu ya mbele. Kisha mama mwenyewe akasema, kwa Kijerumani, mkalimani akimfuata kwa Kifaransa, kwamba mara yake ya kwanza kucheza malkia ilikuwa Hamburg, mwaka sabini na sita.

Ilikuwa Bremen, sabini na nne.

"Ikala, papa," Ilunga akaninong'oneza, akanishika koti nisiinuke. "Ni miaka mbili tu. Inakuuma wapi?"

Nikainua mkono, nikasimama, nikasahihisha. Ukumbi ukacheka, naye akacheka kuliko wote, akasema bwana huyu ananijua kuliko ninavyojijua, hebu apande akae nami. Nikapanda na sanduku langu.

Akaanza kuniuliza. Baada ya Bremen nilicheza nini? Nikajibu. Na nani? Nikajibu. Nyumba yetu ya Munich ilikuwa na bustani? (Sikuwa na kadi ya bustani, nikaomba radhi.) Watu walipiga makofi kwa kila jibu, na mimi, ambaye mtihani wangu wa mwisho ulikuwa ule wa darasa la saba, nikaamini ananitahini, tena ninafaulu. Binti yake, aliyesimama pembeni ya jukwaa, alikuwa akinitikisia kichwa. Nilidhani anastaajabu.

"Na Albert," akauliza, "msimu huu anacheza wapi?"

Albert ni mumewe, mwigizaji mwenzake. Nikatafuta herufi A, nikaona wino mweusi, na sikusita hata kidogo. Nikasoma: alifariki mwezi Machi, mwaka 2007, Düsseldorf, moyo.

Mkalimani hakutafsiri. Bi Gudrun aliichukua ile kadi mkononi mwangu, akaisoma akifuata mistari kwa kidole, kisha akamgeukia binti yake.

"Mbona hamkuniambia? Mazishi ni lini?"

Safu za nyuma, wasiojua Kijerumani, walicheka, maana walishazoea kucheka.

Tulipokutana kwenye korido binti hakunigombeza. "Kila asubuhi ananiuliza," alisema, "nami namwambia baba yuko mazoezini. Maneno ya tamthilia bado anayakumbuka yote. Tulikuwa tunamlinda afike Aprili tu." Niliporudi ukumbini kuchukua sanduku, kiti cha mwongozaji kilikuwa kitupu, kimeshajikunja.

Ilunga ndiye aliyelibeba hadi nyumbani. Tulipokaribia kushuka kwenye basi, akaniuliza.

"Ile kadi, alibaki nayo?"

"Alikataa kuiachia."

"Ah, papa."

Tangu siku ile sijamsahihisha mtu. Ilunga anaweza kukaa sebuleni kwangu akadai mto Rhine unapita Paris, nami nikamwongezea chai. Sanduku liko juu ya kabati na kadi zake mia nne na kumi, sijaongeza hata moja. Wiki ya tatu ikaja barua fupi kwamba tamthilia ya Aprili imefutwa kwa sababu za afya, na wenye tiketi watarudishiwa fedha zao. Zangu zilirudi zote, euro arobaini na nane.