Ukingo Usiosikika

Mume wangu Ngassa ni fundi wa mabwawa ya kuogelea, na haogopi maji. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa Nyasubi, mtaa wetu hapa Kahama, wamelipotosha. Anaoga, anavuka mito, na akiingia ndani ya bwawa analisugua utadhani sufuria ya harusi. Anachoogopa ni sauti ya maji yanayomwagika kutoka juu kwenda chini. Nyumba yetu haina gata la kukinga maji ya paa. Mvua ikinyesha anafungulia redio hadi mwisho, nami najifanya napenda kila wimbo unaopigwa.

Miaka tisa iliyopita alikuwa chini ya duara, shimo la wachimbaji wa dhahabu, huko machimboni Geita, yeye na rafiki yake Bujiku. Shimo la jirani, lililoachwa likajaa maji, likapasukia kwao. Wakapanda wakashikilia matimba, yale magogo ya kuzuia udongo, wakakaa gizani wakisikiliza maji yakimwagika kwenye mwamba chini yao. Ngassa alitolewa kesho yake akiwa hai. Bujiku alitolewa siku ya nne. Tangu hapo Ngassa hajashuka shimoni tena. Alikwenda Mwanza akajifunza kujenga mabwawa, yale ya kawaida ambayo maji huishia chini ya ukingo, akarudi Kahama fundi mzuri kuliko wote ninaowajua. Sisemi hivyo kwa kuwa ananilisha. Mimi ndiye ninayejaza grauti, ule uji wa saruji wa kuziba nafasi kati ya marumaru zake, kwa hiyo tunalishana.

Mwaka jana Majaliwa, muuza vipuri wa hapa Nyasubi, alituita tumjengee bwawa uani. Anaishi na mama yake, Bi Chiku, mwenyeji wa Tabora. Presha ya macho imemwachia mwanga kidogo sana: anajua mchana na usiku, basi. Hata hivyo anatembea uani peke yake na fimbo yake, na hataki kushikwa mkono. Siku ya kwanza nilipomshika kiwiko aliniuliza kama mimi ndiye ninayeanguka.

Majaliwa alikuwa na picha mbili kwenye simu. Ya kwanza ilikuwa ya bwawa lililoinuliwa kwa ukuta wa kufika magotini, maji yakimwagika upande mmoja kama pazia na kuangukia kwenye mfereji. Ya pili ilikuwa ya bwawa la bapa, maji yakiwa sawasawa na sakafu pande zote, yakizama kimyakimya kwenye ufa mwembamba kati ya marumaru. Kwa macho ilikuwa nzuri kuliko ile ya kwanza. Usingejua sakafu inaishia wapi.

"Huu ukingo wa kumwaga naupenda kwa ajili ya mama," Majaliwa akasema. "Atayasikia maji, na fimbo yake itagusa ukuta. Ila wewe ndiye fundi. Udongo wetu utaubeba?"

Ngassa akamrudishia simu. Nilijua atakachosema, na nilijua si kweli.

"Huu ni udongo wa mbuga, mzee," akasema. "Kiangazi unapasuka, masika unavimba. Ukuta wa kumwaga hautamaliza mwaka. Chukua hili la bapa."

Udongo wa mbuga upo, lakini uko kule Kishapu kwenye mashamba ya pamba. Pale uani tulikuwa tumeshachimba shimo la kupimia, na tulikuta changarawe tupu. Majaliwa anajua bearing na mikanda ya mashine, udongo haujui. Akakubali.

Njiani kurudi nyumbani nikamsema Ngassa hadi koo likakauka. Akanijibu kwamba ataagiza uzio wa chuma kuzunguka bwawa, na Majaliwa keshakubali. Ningeweza kurudi peke yangu nikasema ukweli. Sikurudi. Niliogopa kumwaibisha mume wangu, na niliogopa zaidi kumwona akisikia sauti ile kila siku mpaka kazi iishe. Mara ya mwisho bomba lilipopasuka kwa jirani alitapika mpaka akalala chini. Basi nikanyamaza, na hofu ikahamia kwangu.

Miezi mitatu ya kazi sikufanya lolote bila jicho langu moja kuwa kwenye mlango wa jikoni. Bi Chiku alikuwa akitoka kwenda bombani kutia udhu, fimbo mbele, na mimi nikihesabu hatua zake kimoyomoyo. Alama zake zilikuwa lundo la mchanga, maboksi ya marumaru, na mabati tuliyozungushia shimo. Akigusa bati, anapinda kushoto. Nikimwamkia, "Shikamoo, Bibi," anaitikia marahaba na kuniuliza mbona sauti yangu siku hizi inatetemeka. Nilimwambia ni mafua.

Siku ya kujaza maji ikafika. Mchomeleaji wa uzio alitaka kupima kwanza, kwa hiyo tukatoa mabati, akapima, akaondoka akisema kesho. Mchanga ulishakwisha. Maboksi nilikuwa nimeyabeba mimi mwenyewe, na uwanja nikaufagia mwenyewe kwa mikono yangu. Ngassa akawasha pampu. Maji yakapanda mpaka kwenye marumaru, yakatulia, yakaingia kwenye ufa wake bila sauti yoyote. Majaliwa alisifu kazi, kisha akaenda msikitini kuswali adhuhuri.

Bi Chiku akatoka jikoni. Fimbo yake ilitafuta bati, haikulikuta, akaendelea mbele. Mimi nilikuwa upande wa pili wa bwawa na ndoo ya grauti mkononi. Nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Sijawahi kuogopa hivyo maishani mwangu, hata nilipokuwa nasubiri juu ya duara watu wakivuta kamba.

Mguu wake wa kulia ukakanyaga maji kwenye ukingo. Akasimama.

"Nani kamwaga maji hapa?" akauliza kwa hasira.

Akainua kanga yake kidogo na kunyanyua mguu juu, kama mtu yeyote anavyoruka maji yaliyomwagika sakafuni.

"Mayu!" Ngassa akaita. Ndivyo Wasukuma tunavyomwita mama, na sijawahi kumsikia akimwita hivyo mwanamke mwingine zaidi ya mama yake. Alitoka kwenye pampu mbio, akamdaka Bi Chiku kiunoni, wakaanguka pamoja kwenye marumaru, miguu ya Ngassa ikiwa ndani ya maji. Fimbo ilielea katikati ya bwawa.

Majaliwa aliporudi alimkuta mama yake mkekani na kifundo kilichovimba, na fundi wake amepiga magoti. Nilitegemea Ngassa azungumzie uzio. Hakuuzungumzia.

"Udongo wako hauna tatizo, mzee," akasema. "Nilidanganya. Mimi ndiye ninayeogopa ile sauti."

Akasimulia habari za Bujiku zote, kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Majaliwa aligeuka akatazama ukutani. Nilidhani atatufukuza, na angekuwa na haki.

Bi Chiku ndiye aliyeuliza. "Sasa mimi nataka kuyasikia maji hayo kila siku. Utaweza kuujenga ukuta wake?"

"Sijui, Bibi."

Majaliwa akakubali turudie, tukamwaga maji, tukavunja ukingo, tukapandisha ukuta mpaka magotini. Kazi hiyo ilituchukua wiki sita, kwa gharama yetu wenyewe. Siku ya pampu Ngassa aliniomba niwashe mimi. Akaegemea ukuta wa nyumba na kufumba macho. Maji yakajaa, yakapita mdomo wa ukuta, yakaanza kuanguka. Shati lake lililowa jasho nikiangalia. Nikasogeza mkono kwenye swichi, lakini alipofumbua macho hakunitazama. Alikwenda zake nje ya geti akipapasa njia kama asiyeona.

Bi Chiku alitoka jikoni na fimbo mpya. Alisikiliza kidogo, akaja moja kwa moja, akapunguza mwendo hatua tatu kabla, akaweka kiganja chake juu ya ukuta. Akabaki hapo maji yakimlowesha mkono wa kanzu.

Nilimkuta Ngassa barabarani, amechuchumaa, mikono masikioni. Kutoka pale sauti ilisikika vizuri tu. Nikamwambia naenda kuzima, hata kwa nusu saa, apumue.

"Bibi yuko wapi?" akauliza.

"Kasimama ukutani."

"Basi usizime," akasema, na meno yake yalikuwa yakigongana.