Blanketi la Chumba cha CT

Siku yangu ya kwanza kwenye chumba cha CT, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, katika hospitali moja ya Upper Hill miaka ya elfu mbili, nilivaa tai. Nilikuwa na digrii mpya, nikadhani mashine itanitambua. Msimamizi wa Radiografia, Bi. Njoki, aliitazama tai hiyo akacheka.

"Meza ikisonga, hiyo tai itakunyonga. Vua, Profesa."

Mgonjwa wetu alikuwa Mama Kamau, muuza maua wa Dagoretti mwenye saratani ya ovari. Daktari wa upasuaji alitaka jibu moja: je, imesambaa kwenye peritoneamu, ule utando unaofunika tumbo kwa ndani? Kama bado, angempasua kesho yake. Kama tayari, kisu kingesubiri, aanze na dawa.

Mama alikunywa dawa ya kung'arisha utumbo kwenye picha huku amekunja uso. "Hii ndiyo maji ya kuoshea brashi za rangi, ama?"

Nyuma ya kioo, picha zilianza kuingia, tumbo likikatwa vipande kama mkate. Mbele ya utumbo huning'inia pazia la mafuta, ambalo kwenye CT huonekana jeusi, safi. Lake lilikuwa na madonge ya kijivu, kama uji ulioharibika: saratani ilikuwa imesambaa. Nikainamia skrini, macho yamenitoka.

"Anakuangalia," Bi. Njoki alinong'ona. "Uso wako ndio picha ya kwanza atakayosoma. Mpelekee blanketi, umuulize habari za maua. Hapa kila mtu hupata blanketi, mzima na mgonjwa."

Nilienda, jasho likinitoka kwenye chumba chenye baridi ya friji.

"Kijana, umeona nini?"

"Daktari ndiye husoma, Mama. Mimi ni mpiga picha tu."

"Wa harusi huniambia kama nimetoka poa." Akalishika blanketi. "Na hii blanketi? Ni ishara mbaya, sindio?"

"Kila mtu hupewa. Maua yanaendaje?"

 Alitoka, akaketi kwenye benchi la nje, akagoma kuondoka kabla ya kumwona mgonjwa anayefuata. Mzee Singh, mwenye duka la vipuri Westlands, aliyekuja kwa kijiwe cha figo, alipotoka amejifunika blanketi kama lake, Mama alishusha pumzi. Akaagiza chai, akanywa yote. Alasiri daktari alimwita: dawa kwanza.

Nilihamishiwa tawi letu la Westlands, kisha la Karen, ambako Meneja wa Tawi alitaka blanketi zifutwe kwa sababu ya gharama ya dobi. Nilibishana naye hadi nikaitwa mkaidi. Vijana niliowafundisha walijua sheria ya blanketi kwa kila mtu kabla ya kujua vitufe vya mashine.

Nimestaafu mapema, mgongo umegoma. Mwezi uliopita tumbo nalo lilianza maneno yake, nikalala kwenye meza ya CT, safari hii kama mgonjwa. Binti niliyemfundisha mwenyewe alitoka nyuma ya kioo, uso umetulia, blanketi mkononi.

"Habari za shamba, Mwalimu?"

Nikamjibu vizuri. Halafu nikaenda kwenye benchi la nje, nikaketi, nikamngoja mgonjwa anayefuata atoke.