Nyumba ya Kaka Kabla ya Yangu

Kaka yangu mkubwa alisomea uhandisi wa ndege ng'ambo, akabaki huko kwenye kiwanda cha injini mpaka akawa mkurugenzi. Mimi niliishia kidato cha nne, nikazunguka: nikakata miwa Mayoni, nikapakia mahindi Likuyani, nikalinda maduka Mombasa. Kila nilikopanga chumba niliwaza kile kipande cha shamba alichonionyesha marehemu baba, nyuma ya migomba, hapa Mukumu.

Nilipochoka nilirudi. Lakini kwetu mdogo hatangulii mkubwa kujenga, na kaka hakuwa na hata kibanda. Nikawa nalala jikoni kwa mama, mvi kichwani, miguu ikigusa sufuria.

Kaka alipostaafu alikuja kutusalimu. Alilala hotelini mjini. Baba mdogo, ndiye aliyesimama mahali pa baba, akamngojea anywe chai.

"Ukifa leo tutakulaza wapi? Uwanja wa ndege?"

"Nipe muda, baba mdogo. Nachora ramani ya nyumba nzuri."

"Unachoranga tangu nywele zikiwa nyeusi. Mdogo wako analalanga na kuku."

Kaka alinigeukia. "Hukuniambia."

"Ulikuwa na kazi," nikasema.

Basi tukajenga isimba, ile nyumba ndogo ya udongo ambayo kijana hujengewa akianza kujitegemea. Baba mdogo alichimba shimo la kwanza, kaka akasimamisha nguzo. Tulikanyaga udongo pamoja, suruali tumezikunja. Kaka alipumua kwa shida.

"Ile injini niliyoipenda waliiacha kabla haijaruka," alisema. "Halafu wakanipa ofisi. Tangu hapo ni mikutano tu. Sikushika chuma tena."

Niliendelea kukanyaga. Nilikuwa nimemwonea wivu muda mrefu mno.

Mila inataka mwenye nyumba alale humo, moto ukiwa umewashwa. Alilala, kuta zikiwa bado mbichi. Asubuhi alitoka macho mekundu kwa moshi, udongo umekauka mgongoni.

"Umelala?" mama akauliza.

"Sikulala, mama. Lakini nimekuwa ndani."

Kabla gari halijaja kumchukua alinipa jembe. Nikaenda nalo nyuma ya migomba. Sasa hakuna wa kunizuia, wala wa kusingizia. Nikaketi kwanza juu ya nguzo zilizobaki.